Kumtayarisha punda kwa mbio za Lamu: wiki nane kabla ya siku yenyewe

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoongoza mbio za punda kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Wenzangu wote walikuwa nyuma, Usita wa Pwani, njia ya ukingoni mwa bahari, umefurika watu, vigelegele vinatoka kila upande, na mstari wa mwisho nimeshauona. Tulipofika mkabala wa gati punda wangu akasimama. Hakuwa amechoka. Alisimama kistaarabu, akageuza ubavu, akainamisha kichwa, akangoja. Hapo ndipo alipozoea kupakiwa saruji kila siku ya Mungu. Nilimpiga visigino, nikamwomba, nikamtukana. Hakusogea hata hatua. Wakatupita wanne, kisha wengine, na mwisho akatupita mtoto mmoja aliyekuwa akicheka hadi anataka kuanguka.

Ami yangu, aliyekuwa mwenye punda, hakunigombeza. Alisema tu, "Umemfundisha kukimbia. Nani kamwambia leo hakuna kazi?"

Mwongozo huu nauandikia mtu mwenye punda wa kazi, kwa sababu hapa Lamu punda wa mbio hatuna. Tuna punda wa mchanga, wa mawe, wa maji, wa saruji, na siku moja au mbili kwa mwaka tunawaazima kutoka kwenye kazi zao tukawapanda. Ukilisahau hilo utafundisha mambo mengi na punda wako atasimama gatini kama wangu.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Punda hukimbizwa hasa nyakati mbili za sherehe. Moja ni Maulidi, ambayo kilele chake pale Msikiti wa Riyadha huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, yaani Rabiulawwal. Nyingine ni tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Ukishaipata tarehe, hesabu wiki nane kurudi nyuma. Hapo ndipo unapoanzia. Zikiwa zimebaki wiki tatu tu, ngoja mwakani. Najua hutapenda kusikia hivyo, lakini punda aliyekurupushwa hukimbia kwa woga siku ya kwanza, na siku ya pili anachechemea.

Tarehe ya Maulidi hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Miaka hii imekuwa ikiangukia Agosti na Septemba, kusi inavuma na jua lina huruma kidogo. Kabla ya miaka kumi kupita itaingia masika, na njia zitakuwa na utelezi. Novemba nako ni habari nyingine: kusi imekatika, kaskazi haijashika, hewa imesimama. Wakati huu wa matlai punda hutoka jasho hata akiwa amefungwa kivulini, basi anayejiandaa kwa Novemba lazima joto alizoee polepole, tangu Oktoba.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hulisahau mpaka maji yawafike magotini: bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji makuu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Mwishoni mwa Mfungo Sita mwezi unakaribia kuandama, kwa hiyo mbio za alasiri zinaweza kukutana na bahari ikiwa imepanda. Kuna sehemu za ukingoni ambapo maji hulamba njia, na ile njia ya ufukweni kwenda Shela huwa haipitiki. Muulize nahodha yeyote, au kaa barazani na wazee dakika tano. Utajua maji ya siku hiyo bila kuhitaji karatasi.

Hatua ya 2: Yupi wa kukimbia

Mwenye punda wanne huwa na mmoja anayempenda, na mara nyingi huyo siye. Anayependwa ni mwenye nguvu, anayebeba bila kulalamika. Wewe mtafute anayetangulia. Siku mnaporudi kutoka machimboni bila mzigo, angalia ni yupi anayewekwa mbele na wenzake, ambaye wengine humfuata hata bila kuambiwa. Punda hufuata punda, na kiongozi kwenye safari ya kazi ndiye kiongozi kwenye mbio.

Umri ni jambo lisilo na mjadala. Mfungue mdomo uyatazame meno ya mbele. Punda humaliza kuota meno ya ukubwani akiwa na miaka kama mitano. Mwenye meno ya utoto bado mifupa yake inakua, na kumkimbiza na mtu mgongoni ni kumharibu. Mbeba mimba asiguswe. Punda hubeba mimba mwaka mzima na tumbo huchelewa kuonekana, kwa hiyo kama jike wako amekuwa akizurura na madume usiku, usikisie, mpeleke apimwe.

Mwangalie mgongo. Pitisha kiganja kuanzia mabegani hadi kiunoni, pole pole, ukitazama masikio badala ya mgongo wenyewe. Yakilala nyuma au ngozi ikitetemeka, pana maumivu. Kidonda cha shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, hata kiwe kidogo kama shilingi, mwaka huu hakimbii. Kisha mtembeze kwenye njia ngumu ya saruji na umsikilize. Miguu minne mizima hupiga mdundo ulio sawa; mguu mmoja ukipiga kwa upole kuliko mingine, sikio litaujua kabla ya jicho.

Hatua ya 3: Mpeleke kwa daktari mapema

Hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary ipo hapa Lamu tangu 1987, na matibabu yake ni bure. Hakuna kisingizio cha kutokwenda. Nenda wiki ya kwanza, si siku ya mwisho ambapo kila mtu yuko pale na punda wake na maneno yake.

Omba vitu hivi: dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda, kukaguliwa meno, na kukatwa kwato. Pepopunda nauweka mbele kwa sababu njia zetu zina misumari, vipande vya mabati na vigae, na kidonda kidogo kwenye ukwato hutosha. Hata jina la ugonjwa huo limemtaja mnyama huyu, sijui kwa nini wenye punda wengine husahau kumchanja. Kwato zikatwe angalau wiki nne kabla ya mbio ili apate muda wa kuzizoea. Baada ya hapo ni kila wiki sita hadi nane, mbio ziwepo zisiwepo.

Ukiwa pale, omba ufundishwe kuhesabu mapigo ya moyo. Kuna mshipa unaopita chini ya taya. Weka vidole viwili, hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Punda mzima aliyetulia huwa kati ya 36 na 52 kwa dakika, pumzi zake kati ya 12 na 28, na joto lake nyuzi 36.5 hadi 37.8. Andika hesabu za punda wako kwenye daftari akiwa amepumzika asubuhi, siku tatu mfululizo. Daftari hilo litakufaa kuliko fimbo yoyote.

Sababu yake ni hii. Punda huficha maumivu. Mbwa akiumia hulia, mbuzi hupiga kelele, punda husimama tu na kutazama mbele kama aliyesahau jambo. Wenye haraka humwita mkaidi. Akiacha kula, hata kwa siku moja, usiseme "atakula kesho": punda asipokula, mafuta ya mwilini mwake humwagika kwenye damu, na hali hiyo huua. Daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Usimbadilishie chakula ghafla kwa sababu ya mbio. Nimeona kijana akimlisha punda wake ndoo nzima ya mahindi makavu jioni ya mwisho, eti apate nguvu. Usiku ule tumbo lilimsokota, akawa anajibwaga chini na kujitazama ubavuni, na asubuhi alikuwa hospitali badala ya kuwa kwenye mstari. Tumbo la punda limeumbwa kwa majani makavu, mengi, yaliyosambazwa kutwa nzima. Pumba za mahindi zitie kidogo kidogo, anza na konzi mbili kwa siku kuanzia wiki ya tatu, ukipandisha taratibu anapozidi kufanya kazi. Jiwe la chumvi liwe pale analalapo. Maganda ya ndizi na ya embe ni peremende, si chakula.

Jambo linalowaua punda wetu ni mifuko ya plastiki. Punda aliyeachwa azurure mjini usiku hula jalalani, na mfuko ukiingia hautoki. Kwa wiki hizi nane mfunge nyumbani usiku. Ukiweza kuendelea hivyo baada ya mbio, utakuwa umefanya la maana zaidi kuliko kushinda.

Maji yana siri yake. Punda anaweza kupoteza maji mengi mwilini bila kuonyesha kitu, kisha akayarudisha kwa kunywa mara moja. Ndiyo sifa iliyomfanya aishi jangwani, na ndiyo inayomdanganya mwenye punda: unamwona yuko sawa, kumbe amekauka. Tena ni mchaguzi. Ndoo ikinuka sabuni hanywi, na maji yenye ladha ngeni hanywi. Maji ya mji wetu hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na ladha hutofautiana kisima na kisima. Kwa hiyo siku ya mbio beba maji ya nyumbani kwenu, kwenye ndoo aliyoizoea. Utachekwa. Acha wacheke.

Hatua ya 5: Wiki nane za mazoezi

Wiki mbili za kwanza ni kutembea tu. Mpunguzie mzigo kwa nusu, na siku nne za wiki mtembeze nusu saa mpaka dakika arobaini bila shogi, wewe ukiwa chini kwa miguu yako. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu. Nenda maji yakiwa yamekupwa, mpitishe kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu wa juu uache. Huvuta mishipa ya miguu, na punda aliyevutika mshipa hupona kwa miezi. Siku nyingine apumzike kweli, asiazimwe na jirani kubeba mawe "mara moja tu".

Wiki ya tatu na ya nne ni telki, ule mwendo wa haraka ambao punda akiuzoea anaweza kwenda nao kutwa. Panda mgongoni sasa. Dakika tano telki, dakika tano kutembea, mara nne, kisha nyumbani. Baada ya Shela pana ufuko wa kilomita kumi na mbili hivi, hauna baiskeli wala mikokoteni, na alfajiri huwa wako peke yako. Ukimaliza, pima mapigo. Katika mbio ndefu za farasi kanuni ni kwamba moyo urudi mapigo 64 au chini ya hapo ndani ya robo saa, la sivyo mnyama anatolewa. Mimi hutumia kipimo hicho hicho. Kama baada ya robo saa moyo bado unapiga 70, jana ulimchosha, na kesho hakuna mazoezi.

Wiki ya tano na ya sita ndipo unapopiga shoti, mara mbili kwa wiki, vipande vya mita mia mbili, si zaidi ya vitatu kwa siku. Mchukulie rafiki. Punda anayekimbia peke yake hukimbia kwa hisani. Akiwa na mwenzake hukimbia kwa wivu. Kama ana mwenzi ambaye hulala naye na kula naye, usiwatenganishe kipindi hiki, hata kama mwenzi huyo ni mzee asiyekimbia. Mpeleke tu asimame mwisho wa njia. Utashangaa punda wako anavyozikunja hatua.

Wiki hizi hizi mbili ndizo za kumfundisha ninalolijua kwa machungu. Orodhesha kila mahali punda wako anaposimama kwa kazi: gatini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwenye nyumba inayojengwa, chini ya mwembe anapokunywa maji. Yale yaliyo kwenye njia ya mbio yapitie kila siku bila shogi. Anza kwa kumvuta kwa kigwe ukiwa chini. Akisimama, usimpige, usimvute kwa nguvu. Mzungushe duara moja, mkaendelea. Hatua hamsini baada ya pale, simama wewe mwenyewe umpe ganda la ndizi. Siku ya nne au ya tano atalipita gati akilitazama kwa jicho la pembeni, shingo imeshaelekea kwenye ganda. Kisha fanya hivyo ukiwa mgongoni. Kisha kwa telki.

Mzoeshe na watu. Mpitishe Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, jioni kukiwa na umati, mpeleke mahali ngoma inapopigwa, asimame mbali, kila siku karibu kidogo. Masikio yake yakielekea mbele na taya likitafuna, amekubali. Yakisimama kama misumari na pua ikapanuka, rudi nyuma hatua kumi.

Wiki ya saba, mara moja tu, mkimbie umbali wote kwa saa ile ile ambayo mbio zitafanyika. Wiki ya nane, kutembea.

Hatua ya 6: Mpandaji, kigwe na fimbo

Punda wetu ni wadogo. Kwenye fukwe za Uingereza, ambako punda huwabeba watoto wa watalii, hawaruhusu mpandaji azidi kilo 50 hivi, na wale wanatembea tu. Basi kama umeota ndevu na kitambi, mwachie mdogo wako. Mimi niliacha kupanda nilipofika miaka kumi na saba, na punda walifurahi zaidi ya wote.

Hatutumii matandiko, kwa hiyo mpandaji hukaa nyuma kidogo, karibu na kiuno, magoti yamebana, mwili umetulia. Anayerukaruka mgongoni hupiga uti wa mgongo kila hatua. Ajifunze pia kuanguka: kuachia kigwe, kujikunja, kubingirika kuelekea ukutani na si baharini wala chini ya kwato za wanaofuata.

Kigwe kisiwe cha kamba nyembamba ya nailoni. Hukata ngozi ya pua, tena jasho na chumvi huchoma. Kama huna ukanda mpana, izungushie kamba kipande cha kanga kuukuu.

Fimbo iache nyumbani. Wapo watakaokuambia bila fimbo punda haendi, na wengi wao wamewahi kunishinda, siwezi kukataa. Lakini angalia vizuri mbio zozote: punda anayepigwa huruka hatua tatu, kisha hupunguza akingoja pigo jingine. Aliyezoea sauti huongeza taratibu na habadiliki. Chagua sauti moja ya kwenda na moja ya kusimama, na usizitumie kwa jambo jingine.

Hatua ya 7: Zijue kanuni, na ujiwekee zako

Siku ya kujiandikisha usichukue jezi na namba ukaondoka. Uliza mbio zinaanzia wapi na kuishia wapi, umri wa chini wa mpandaji, kama fimbo inaruhusiwa, nani anawakagua punda na saa ngapi, punda akisimama katikati mpandaji anaweza kushuka kumvuta, na mpandaji akianguka punda akamaliza peke yake inahesabiwaje. Ugomvi wote niliouona baada ya mbio ulitokana na mojawapo ya maswali haya ambayo hakuna aliyeyauliza kabla.

Kisha jiwekee kanuni zako. Mimi nyingi nimeziazima mbali, kwenye barafu. Kule Alaska, Marekani, kuna mbio za mbwa wanaovuta vigari vya kuteleza juu ya theluji, ziitwazo Iditarod. Zilianza 1973, kutoka Anchorage hadi Nome, kama kilomita 1,600. Mshindi wa kwanza alitumia siku 20 hivi, siku hizi ni karibu tisa. Nilipozisoma kanuni zao nilihisi niko barazani mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu. Mbwa wale nao walikuwa wa kazi: walivuta barua na mizigo, na 1925 walikimbizwa kwa zamu kupeleka dawa ya dondakoo Nome wakati watoto wanakufa na ndege haziwezi kuruka. Mbio zilikuja baadaye.

Kanuni zao ni kali. Kabla ya kuanza, kila mbwa hupimwa damu na moyo. Njiani kuna vituo vyenye madaktari, na mwendeshaji hubeba kitabu ambacho daktari hukitia sahihi kituo kwa kituo. Kuna mapumziko ya lazima: saa 24 mahali pamoja, na saa 8 mara mbili. Sharti abebe viatu vinane vya kitambaa kwa kila mbwa, kwa sababu barafu hukata nyayo. Mbwa aliyechoka huachwa kituoni akatunzwa na kurudishwa kwa ndege, wala haruhusiwi kuwekewa wa akiba mahali pake. Kuna na tuzo kwa aliyewatunza mbwa vizuri kuliko wote, na wanaoiamua ni madaktari. Hata hivyo wapo wanaozipinga mbio hizo, kwa kuwa mbwa wamewahi kufia njiani, na mimi siwalaumu wanaouliza.

Mbio zetu ni fupi mno kulinganisha, lakini nimechukua manne. Daftari la afya, nililolitaja. Daktari akisema hapana, ni hapana, hata kama jezi imeshavaliwa. Punda akichechemea njiani, mpandaji anashuka na kurudi naye kwa miguu. Na desturi ya waendeshaji wa kule, ambao wakifika kituoni huwalisha mbwa kwanza ndipo wao wale: siku ya mbio mwanangu haonji pilau mpaka punda awe amekunywa na kutia majani mdomoni.

Hatua ya 8: Siku tatu za mwisho na siku yenyewe

Siku tatu kabla, kazi zote zisimame. Chakula kile kile. Usiku wa mwisho alale palepale anapolala siku zote.

Asubuhi pima mapigo ukalinganishe na daftari. Yakizidi ya kawaida kwa kumi au zaidi akiwa ametulia, kuna kitu, hata kama hukioni. Fungua kwato zote nne uzichokoe, changarawe moja hutosha kukuharibia. Majani ya kawaida alfajiri, pumba hapana. Maji wakati wote.

Fika mapema lakini usimsimamishe juani mstarini. Mtafutie kivuli cha ukuta kwenye usita wa karibu, mtembeze dakika kumi, kisha telki kidogo, ndipo umlete watu wanapoitwa. Mweke karibu na punda anayemjua, na mbali na dume ambalo halijahasiwa. Mkiachiwa, usimkimbize mita mia za mwanzo. Vijana wote hupiga shoti pale pale kwa sababu ndipo watu wengi wanapotazama, na njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine maji. Waache wasukumane. Wewe nenda telki nyuma yao, nafasi itafunguka yenyewe.

Hatua ya 9: Baada ya mstari

Hapa ndipo punda huharibiwa zaidi, kwa furaha. Mshindi hubebwa juu juu na punda huachwa na mtoto asiyemjua. Mpange mtu wako mapema, asiyependa kubebwa, mwenye ndoo mbili.

Asisimamishwe ghafla. Mtembeze, mpe maji ya vuguvugu au ya kawaida anywe anavyotaka. Kumnyima maji kwa kuogopa tumbo ni imani ya zamani inayomdhuru. Mmwagie maji shingoni, kifuani na mapajani mfululizo, usingoje yakauke, mpeleke kivulini kwenye upepo. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe urudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au kama pumzi hazijashuka baada ya nusu saa, au akiyumba, au akikataa majani, usingoje picha ya washindi. Hospitali.

Usiku uangalie mavi yake. Naam, mavi. Ukiyakuta mabichi na ya kawaida, tumbo linakwenda. Usipoyakuta kabisa, msokoto unakuja. Kesho yake pitisha kiganja mgongoni na miguuni ukitafuta joto na uvimbe. Apumzike siku mbili kamili, hata kama mteja wa saruji anapiga simu kila saa.

Siku ya tatu mtoe bila shogi, mpeleke gatini kwa kigwe kilicholegea. Atasimama pale pake, atageuza ubavu, atainamisha kichwa. Mpe ganda la ndizi hapo hapo, akae anavyotaka.